Ng'ombe alivyonivunjia JSON

Juzi nimepitia kodi (maandishi ya programu) ya mdogo wetu mmoja, nikakuta str(rows).replace("'", '"'). Yaani anageuza data za Python kuwa maandishi, kisha kila nukuu moja kuwa mbili, ili zifanane na JSON, muundo wa maandishi ambao programu hubadilishana data. Nikafunika laptopu, nikaenda kunywa chai. Sikumkasirikia. Mstari ule niliwahi kuuandika mwenyewe, herufi kwa herufi, nilipokuwa mgeni kwenye Flask, zana ya Python ya kutengeneza tovuti. Kwa hiyo nawaachia haya manne.

1. Tumieni jsonify, ya Flask yenyewe, inayowatengenezea JSON sahihi. Basi.

Najua hamtanisikia, kwa hiyo nitasimulia. Nilikuwa natengeneza mfumo wa oda wa mzee mmoja mwenye duka la vyakula. DictCursor ya MySQL (hifadhidata yangu) inanipa orodha ya dict (jina na thamani yake), nikiiprinti naona JSON kabisa, ila nukuu ni moja moja badala ya mbili mbili. Nikazibadilisha, ikakubali! Data zangu za majaribio: mchele, sukari, unga, maharage. None (Python inavyoandika pasipo na thamani) zilipoleta shida nikaongeza replace ya pili, nikajiona fundi.

Siku ya kukabidhi, mzee akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akaingiza bidhaa ya kwanza: nyama ya ng'ombe. Ukurasa mweupe. Mchele na sukari navyo vikapotea, maana JSON ikiharibika herufi moja haisomeki yote. Nikalaumu bando. Nikalaumu brauza. Saa mbili baadaye ndipo nikaiona ritifaa, ile alama katikati ya ng'ombe: replace yangu imeigeuza nukuu, neno limefungwa kwenye "ng", "ombe" inaelea nje. Na aibu yenyewe ni hii: badala ya kurekebisha kodi, nikamwomba mzee aandike "ngombe". Akanitazama.

"Kijana, mimi nauza ng'ombe. Ngombe ndiyo mnyama gani?"

Mtu nimekua nikiandika ng'ambo na kung'aa tangu darasa la kwanza, halafu sikukumbuka kujaribu ritifaa hata mara moja.

2. Namba ya simu ni maandishi. Ukiifanya INT (namba kamili) kwenye hifadhidata, sifuri ya mbele imekwenda.

3. SELECT * (yaani leta kila kitu) kwenye jedwali la watumiaji, hapana. Heshi za nywila (nywila zilizofumbwa) zitasafiri mpaka kwenye simu ya mteja.

4. Tarehe. Ukihifadhi saa za Dar es Salaam bila kutaja ukanda wa saa, jsonify inazibandika GMT, na oda ya saa nne asubuhi mteja anaiona ya saa saba mchana. Wekeni +03:00, mtoe kwa isoformat(), inayoandika tarehe pamoja na ukanda wake. Nilipomweleza hili mdogo wetu, akauliza kama ile GMT haiwezi kutolewa kwa replace.