Sproketi ya Pikipiki ya Kiwanjani: Usiniulize Itakimbia Ngapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nyakato kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nina Ninja 300, safari ijayo ya kiwanja cha mbio cha Athi River, Kenya, nataka tuongozane. Nifunge sproketi gani ili ikimbie?" Marahaba, mdogo wangu. Wengi wameshaniuliza swali hilo, na karibu wote wanalimalizia na neno hilohilo, ikimbie. Nalijibu hapa mara moja, ila utanivumilia, maana jibu lenyewe lina historia. Kwa asiyejua, sproketi ni yale magurudumu mawili ya meno yanayobeba cheni, dogo mbele kwenye injini na kubwa nyuma kwenye tairi.

Sisi wenye pikipiki za sport hapa Mwanza tunapimana barabara ya Usagara. Kule mwenye heshima ni yule mwenye namba kubwa kwenye dashibodi, basi. Nilipofunga sproketi ya mbele ya meno 13 badala ya 14, nilichekwa. Mmoja akasema Ninja yangu sasa ni toyo, imebaki kupakia magunia ya mkaa. Fundi niliyekuwa nampa kazi zangu zote akasema mbele za watu kwamba najifanya najua kuliko Wajapani. Kwenye mnyoofu wakawa wananipita huku wananipigia honi. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Ninja 300 inatoka kiwandani na meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawa 42 kwa 14, unapata 3.00, yaani ya mbele inazunguka mara tatu tairi likizunguka mara moja. Ukiweka 13 mbele unapata 3.23, yaani kwa spidi ileile injini inazunguka zaidi kwa karibu asilimia 8, na tairi la nyuma linasukumwa kwa nguvu zaidi kwa kiasi hichohicho. Unachotoa ni spidi ya mwisho ya kila gia. Wenzangu waliona hicho kinachotolewa tu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa huku tunalisahau kwa sababu tumezaliwa nalo: ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwenye spidi kubwa huumii sana, kwa sababu hewa hiyohiyo nyepesi nayo inapunguza kukuzuia. Unaumia ukitoka kwenye kona, pale unapovuta mafuta na pikipiki inajivuta kama imechoka. Athi River ni juu kuliko hapa, kwa hiyo usitegemee nafuu.

Na pale kiwanjani kona moja ya taratibu ilinitesa sana. Nikitoka na gia ya pili, mshale wa mizunguko ya injini unagusa mstari mwekundu, 13,000 kwa dakika, pikipiki ikiwa bado imelala, na kubadili gia katikati ya kona kunaitikisa. Nikianza kutoka na ya tatu, mshale unaangukia 8,000, wakati injini hii nguvu zake kamili ziko 11,000. Nilikuwa katikati ya gia mbili, hakuna inayofaa. Kwa meno 13, ile ya tatu ikapanda hadi 8,600 hivi, nikatoka kwenye kona na gia moja tu, bila papara.

Safari iliyopita, jamaa mmoja wa wale wa honi alikuja na pikipiki ya cc 600. Nilimpita kwenye kona hiyohiyo. Kwenye mnyoofu alinirudia, ndiyo, nguvu anazo. Kona ikafika tena. Jioni alikuja kunihesabia meno ya nyuma, nikamwacha ahesabu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda kwanza na sproketi za kiwandani. Kila ukipumzika andika: kona gani, gia gani, mshale ulishuka hadi ngapi. Tazama pia mwisho wa mnyoofu mrefu kuliko yote. Mshale ukifika karibu na mstari mwekundu pale unaposhika breki, gia zako zimekaa sawa. Ukifika mapema ukabaki umegota, umefupisha mno. Chagua kwa ajili ya kona inayokuingiza kwenye huo mnyoofu, zile nyingine utazizoea. Nasema tena, kona. Vijana wetu wanaabudu spidi ya mwisho, wanaitafuta Igoma katikati ya daladala na watoto wa shule, halafu kiwanjani wanatetemeka kwenye kona ya gia ya pili. Kukimbia mnyoofu kila mtu anaweza, hata mimi nilipokuwa sijui lolote niliweza.

Jaribu kwa sproketi ya mbele, kwa sababu ni ya bei ndogo na cheni yako itatosha, tairi litarudi nyuma kidogo tu. Ukiridhika, rudisha 14 mbele ufunge 45 nyuma. Inakuja 3.21, karibu sawa, lakini cheni haikunjwi sana ikizunguka hiyo 14 ya mbele, wala haikwaruzi sana plastiki inayolinda mkono wa tairi la nyuma. Hapo utahitaji cheni ndefu zaidi, na fundi akikwambia ya zamani itafika kwa kulivuta tairi mbele, mwambie akupimie kwanza. Kama sensa ya spidi iko kwenye gia boksi, dashibodi itakuonyesha spidi kubwa kuliko unayokwenda, kwa hiyo hizo picha za dashibodi usinitumie.

Nyuma nunua ya chuma. Ile ya alumini ni nyepesi na inapendeza machoni, lakini meno yake yanalika upesi, na wewe pikipiki hiyohiyo unaendea kazini kila siku kwenye vumbi la Nyakato.