Rodi ya tatu ya ethi haitatuliza sensa yako

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Nina karakana ndogo ya kujaza maji ya kunywa kwenye chupa, Tabata. Pampu ni ya kilowati 2.2, inaendeshwa na invata (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu. Sensa ya presha ni ya miliampea 4 hadi 20, iko mita 18 kutoka kwenye paneli. Pampu ikizimwa, namba zinatulia. Ikiwaka tu, zinarukaruka kati ya bar 2 na bar 5, na redio ya mlinzi getini inakwaruza. Fundi ameshachimbia rodi mbili za ethi na kumwaga chumvi na mkaa. Ya pili anasema ni ya "elektroniki peke yake". Hali ni ileile. Sasa anataka nilipie ya tatu. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe. Na hiyo rodi ya "elektroniki peke yake" iunganishwe leo na ethi kuu ya jengo. Sababu nitaifikia, na haihusiani na sensa.

Mafundi wengi wanaiona ardhi kama dampo: kelele ya umeme ikishatupwa huko haionekani tena. Haiko hivyo. Mkondo wowote unaotoka kwenye invata lazima urudi kwenye invata hiyohiyo, na utapita popote penye njia nyepesi. Gari lina spaki za maelfu ya volti, linakanyaga mpira mtupu, halina rodi hata moja, na redio yake inasikika vizuri.

Tazama kinachotokea ndani ya kebo ya mota yako. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya invata unakuwa kama volti 325. Invata inauwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mruko unachukua kama nanosekunde 100. Kati ya nyaya za mota na bodi yake, na kati ya waya na waya ndani ya kebo, kuna kapasita ambayo hakuna aliyeinunua. Hata ikiwa nanofaradi 1 tu, kila mruko unasukuma zaidi ya ampea 3 kwa muda mfupi sana kwenda kwenye bodi ya mota. Mkondo huo sasa unatafuta njia ya kurudi. Usipoupa njia fupi, utapita kwenye mabomba, kwenye fremu ya mashine na kwenye neti ya kebo ya sensa yako, yaani ile kinga ya nyuzi za chuma inayozunguka nyaya zake.

Rodi iliyo mita 12 kutoka kwenye paneli haiwezi kuwa njia hiyo. Waya una kama maikrohenri 1 kwa kila mita, yaani tabia ya kuzuia mkondo unaobadilika haraka. Kwenye masafa ya megahezi 1, mita 12 zinakuwa omu 75. Kwenye megahezi 3 zinapita omu 220. Hata rodi ikipimwa omu 1 kwa mita ya ethi, kelele haioni omu 1 hiyo. Chumvi nayo inakula shaba, na masika moja inaisafisha yote.

Kabla ya kununua chochote, pima. Ng'oa sensa, na mahali pake funga rezista ya kiloomu 2, nusu wati. Kwa volti 24 na ingizo la omu 250, kidhibiti kinachosoma sensa kitaonyesha karibu miliampea 11, yaani chini kidogo ya nusu ya kipimo. Sasa washa pampu kwa mkono, si kwa otomatiki, maana invata haioni presha tena. Jicho liwe kwenye geji ya mshale. Namba zikiendelea kuruka, sensa yako ni nzima na mwenye duka asikuuzie nyingine. Hamishia rezista kwenye tamino za paneli, kebo ya mita 18 ikiwa imeng'olewa. Zikitulia, kebo ndiyo inayokusanya kelele. Zikiruka bado, angalia pawa saplai ya volti 24: ilishe sakiti hiyo kwa betri mbili za volti 12 na ulinganishe.

Kifaa cha pili ni redio ndogo ya betri yenye bendi ya MW (mawimbi ya kati). Itafutie nafasi isiyo na stesheni, itembeze juu ya kebo ya mota, kisha ya umeme unaoingia, kisha ya sensa. Shusha masafa ya swichi ya invata kutoka kilohezi 8 hadi 4. Mlio ukibadilika, mkosaji umeshamjua. Mota italia zaidi kidogo, ni kawaida.

Matengenezo yenyewe ni ya mikono. Kebo ya mota iwe yenye neti, na neti ibanwe kwa klipu ya chuma kuizunguka pande zote, kwenye bati la paneli na kwenye bodi ya mota. Kusokota neti kuwa mkia wa sentimita 5 na kuuingiza kwenye skrubu ni kuharibu kebo ya bei ghali. Kwangua rangi pale unapobana, kisha paka grisi, kwa sababu hewa ya chumvi ya Dar haichelewi kutia kutu. Waya wa ethi wa mota upite ndani ya kebo hiyohiyo hadi tamino ya ethi ya invata. Kebo ya sensa iwe ya nyaya zilizosokotwa, sentimita 30 au zaidi kutoka ya mota. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa msalaba.

Halafu tafuta skrubu ndogo kwenye invata iliyoandikwa EMC au RFI, inayounganisha filta ya kelele iliyo ndani na ethi. Zima, subiri muda ulioandikwa kwenye kava (mara nyingi dakika 5 hadi 10), ndipo uiangalie. Fundi huing'oa skrubu hiyo pale RCD (breka inayokata umeme unaovuja kwenda ethi) inapokatakata, kwa sababu filta huvujisha miliampea kadhaa kwenda ethi. Ameponya RCD, ameua filta. Dawa ni kuipa invata RCD yake, ya aina inayotajwa kwenye kitabu chake.

Na zile feraiti za kubana (vibomba vya kuzuia kelele) zinazong'olewa kwenye nyaya za kompyuta kuukuu? Zimetengenezwa kwa makumi ya megahezi. Tatizo lako liko chini ya megahezi 10. Chukua ringi kubwa inayouzwa kwa ajili ya invata, pitisha fezi zote tatu kwa pamoja mara 3, waya wa ethi ubaki nje. Mizunguko 3 inazuia karibu mara 9 kuliko mmoja.

Sasa ile rodi ya pekee. Fezi ikigusa bodi ya kifaa kilichofungwa kwenye rodi ya omu 40 isiyoungana na ethi kuu, mkondo hauzidi ampea 6. Breka ya ampea 16 haitakata, na bodi itabaki na umeme hadi mtu aishike. Radi nayo ikipiga karibu, rodi hizo mbili zinatofautiana kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo inapita kwenye sensa.

Ugonjwa huohuo uko kwenye vyombo vya muziki vya makanisa na kumbi. Spika zinavuma kwa hezi 50, fundi anafungua plagi ya amplifaya, anakata waya wa kijani na njano, mvumo unaisha, analipwa. Kuanzia hapo ethi ya amplifaya inapitia waya wa maikrofoni, na anayeshika maikrofoni ndiye ethi mpya. Mvumo huo unatibiwa kwa kulisha mikisa na amplifaya kutoka soketi moja, na ukibaki, kwa transfoma ya sauti ya 1:1 kwenye waya wa signali. Ukikuta plagi iliyokatwa hivyo, rudisha waya huo kwanza, mvumo uvumilie hadi transfoma ipatikane.