Halipuki, wala hagandi papo hapo

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu akitoka nje kwenye anga za juu bila suti ya wanaanga analipuka au anaganda. Yote mawili hapana. Ngozi ni imara: atavimba sana, ila hatapasuka.

Kinachomwahi ni kukosa oksijeni. Ndani ya sekunde 10 hadi 15 anazimia, na asiporudishwa kwenye hewa ndani ya dakika moja na nusu hivi, kumwokoa ni vigumu. Na asithubutu kubana pumzi! Hewa iliyomo kifuani itatanuka na kuchana mapafu.

Sasa maji ya mwilini. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya ugali yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni pungufu. Iondoe yote, yatachemka hata kwa joto la mwili. Mwaka 1966 huko Houston, Marekani, Jim LeBlanc alikuwa anajaribu suti ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, mpira wa kupeleka hewa kwenye suti ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakitokota ulimini. Walirudisha hewa haraka, akapona. Mimi kila nikikisimulia kisa hiki mwili unanisisimka.

Kuhusu baridi, itazame chupa ya chai: kati ya kuta zake mbili hamna hewa, ndiyo maana chai ya alfajiri bado inaunguza saa nne. Mwili nao huko juu hupoteza joto polepole.