Maswali na majibu: Gari la umeme linapogoma kuchaji

Barua nyingi zilizofika zinauliza bei ya betri mpya kabla mwandishi wake hajakagua hata soketi ya ukutani. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, hasa wenye Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani.

Nyumbani kwangu Dodoma, kisanduku cha waya wa kuchajia kinawasha taa nyekundu na gari halipokei umeme. Kwa shemeji yangu, kwa waya huohuo, linachaji. Fundi anasema betri imekufa. Nifanye nini?

Kama linachaji kwa shemeji yako, betri ni nzima, na fundi aliyekwambia vinginevyo hakupima chochote. Visanduku vingi vya aina hiyo hukagua waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kabla ya kuruhusu umeme upite, na visipoupata hugoma. Zipo nyumba zenye soketi za matundu matatu ambazo tundu la ethi halijaunganishwa na kitu chochote, au waya wake umeishia kwenye nondo iliyopigwa kina kifupi katika udongo mkavu. Friji na televisheni hufanya kazi hivyohivyo, kwa hiyo mwenye nyumba huishi miaka mingi asijue kwamba hana kinga. Udongo ukikauka, upinzani wa ethi, yaani ugumu wa umeme kupita kwenda ardhini, hupanda, na ndiyo sababu gari linaweza kuchaji bila tabu wakati wa mvua kisha likagoma kiangazi. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aje na kipimo cha ethi, na akikuta upinzani ni mkubwa azamishe nondo zaidi au aongeze nyingine.

Wapo mafundi wanaounganisha ethi na nyutro, waya unaorudisha umeme, ndani ya plagi ili kisanduku kidanganyike. Taa nyekundu huzimika, mteja hulipa na kushukuru. Siku nyutro itakapokatika kabla ya kufika kwenye plagi hiyo, bodi zima la gari litakuwa na umeme, na atakayeshika mlango wa kwanza huenda akawa mtoto anayetoka shule. Usikubali kazi hiyo hata kwa usiku mmoja, na kama imeshafanyika nyumbani kwako, ing'oe leo.

Je, naweza kuchaji mvua ikinyesha?

Ndiyo. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi: plagi ya upande wa gari imetengenezwa kustahimili mvua, ila soketi ya ndani na viungio vya ekstensheni havikutengenezwa hivyo.

Kila usiku ikifika saa saba gari langu linaacha kuchaji, ingawa betri haijajaa na umeme haujakatika. Nimebadilisha waya bila mafanikio.

Waya ulikuwa mzima. Gari lako linafuata ratiba iliyowekwa na mwenyewe wa kwanza huko Japani, ambako baadhi ya mipango ya malipo hufanya umeme wa usiku kuwa nafuu hadi saa moja asubuhi. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, hivyo saa moja asubuhi ya Tokyo ni saa saba usiku ya Dar es Salaam na Nairobi. Kosa hili ni gumu kuligundua kwa sababu saa ya gari iliyoachwa kwenye majira ya Japani huonyesha 7:00 wakati huo, na msomaji wa Kiswahili huisoma kuwa saa saba akaridhika kwamba iko sahihi. Rekebisha saa, kisha futa ratiba. Ikiwa menyu zote ni za Kijapani, tafuta mtu anayezisoma badala ya kubonyezabonyeza.

Plagi ya ukutani imekuwa ya kahawia na inanuka. Nimeibadilisha mara mbili.

Utaibadilisha mara ya tatu, au nyumba itaungua kwanza. Plagi yetu ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini pasi na birika hutumia umeme huo kwa muda mfupi, ilhali gari huuvuta kwa saa 8 au zaidi mfululizo. Kiungio kilicholegea kidogo hupata moto, moto hukilegeza zaidi, na hali huendelea hivyo hadi plastiki inayeyuka. Hatari huzidi kwa ekstensheni nyembamba, na huzidi tena ikiwa imezungushwa kwenye kibiringo chake, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Nakuomba uache kuchaji hadi fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu, kwa waya wa milimita 4, yenye breka yake na ile kinga ya umeme unaovuja ambayo mafundi huiita RCD. Anayekushauri uweke kipande cha waya mahali pa fyuzi hakutakii mema.

Nimeagiza gari kutoka China na plagi yake haiingii kwenye chaja ya umma. Nilidhani zote ni sawa.

Si sawa, na ilikupasa kuuliza kabla ya kulipa. Kwa kuchaji haraka, magari ya soko la China hutumia plagi ya aina ya GB/T, ya Ulaya CCS2, na Leaf za Japani hutumia CHAdeMO. Kwa kuchaji polepole, tundu la GB/T lina pini 7 kama la Ulaya, ila jike na dume vimebadilishana. Adapta zipo, nunua yenye dhamana, na usiwe na haraka na za bei ya kutupa.

Gari lilikaa bila kutumika nikisafiri. Sasa haliwaki na halipokei chaji kabisa.

Pima betri ndogo ya volti 12. Kompyuta za gari hutumia hiyo, na ikiisha haziwezi kuiunganisha betri kubwa na chaja, hata kama betri kubwa imejaa. Ichaji kwa chaja ya kawaida au ibadilishe ikiwa imechoka. Ni kazi ya dakika chache, na haihusiani na zile nyaya nene za rangi ya chungwa, ambazo katika Leaf hubeba takriban volti 360. Fundi akianza kuzifungua kwa ajili ya tatizo hili, mzuie.