Kabla hujanunua darubini, chora mstari wa kaskazini-kusini hapo kwako

Wadau, watu wanaoanza kupenda mambo ya anga huwa wananiuliza wanunue darubini gani, na mimi jibu langu ni kwamba tulia kwanza, pesa yako iache mfukoni. Chora mstari kwenye sakafu ya uani, au juu ya zege kama unakaa ghorofani, uwe umenyooka kaskazini kwenda kusini kamili, halafu kaa nao wiki kadhaa uone nini kinapita juu yake na saa ngapi.

Mstari huo uendeleze angani kwa mawazo, unaanzia kaskazini unapanda mpaka juu ya utosi wako unashukia kusini, hiyo ndo meridiani yako, na nikisema yako namaanisha yako kweli, maana mtu aliyeko Kigoma ana ya kwake. Kila kinachochomoza mashariki kinapanda mpaka kifike hapo, kisha kinaanza kuteremka kwenda magharibi. Kwa hiyo ukitaka kuangalia sayari au nyota vizuri subiri ikaribie mstari, ndo inakuwa juu kuliko muda wote wa usiku huo na mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo. Sisi wa Dar na huu unyevu wa bahari, ukiangalia sayari ya Mshtarii (Jupita) iko chini karibu na mapaa ya watu utaiona inachezacheza tu, utasema darubini mbovu.

Sasa kuuchora. Dira ya simu usiiamini sana, zege lina nondo, juu kuna bati, sindano inayumba. Tumia jua. Simamisha kipande cha bomba au fimbo iliyonyooka, ipime kwa timazi isiinamie upande, zungushia duara kwa kamba na chaki, fimbo iwe katikati. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinatoka nje ya duara, kinafupika taratibu mpaka ncha yake inagusa duara, weka alama. Mchana ncha itatoka tena upande wa pili, weka alama nyingine. Unganisha hizo alama mbili, hapo umepata mashariki-magharibi, kisha weka skwea ya fundi uchore mstari unaoukata huo na kupita chini ya fimbo. Kazi imeisha. Ila jua lenyewe usilikodolee macho, unafanya kazi na kivuli tu.

Zoezi hili ni zuri zaidi Juni au Desemba. Dar karibu na tarehe 3 Machi na 10 Oktoba jua linapita utosini kabisa, kivuli cha fimbo kinamezwa na fimbo yenyewe (Mombasa ni karibu 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba). Mwishoni mwa Juni fimbo ya mita moja hapa Dar inaangusha kivuli cha kama sentimita 58 kuelekea kusini, Desemba kinageuka kuelekea kaskazini, kama sentimita 30 hivi. Unayejenga, hizo namba zitakwambia baraza gani litapigwa na jua miezi ipi, na mimi naona zina faida kuliko nusu ya ushauri unaopewa saiti.

Mstari ukishakuwepo, angalia saa kivuli kinapoulalia. Wengi wanategemea saa sita kamili, hapana aisee. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45, na Dar iko kwenye 39 na kitu, dunia inahitaji dakika 4 kuzunguka digrii moja, kwa hiyo kwa wastani jua linatufikia saa sita na dakika 23. Mwanza ni kama saa sita na dakika 48, Kigoma ni saa saba na dakika moja, na wote tunatumia saa ileile! Tena hata huo wastani unacheza, kwa sababu dunia imeinama na njia yake kuzunguka jua si duara kamili: mwanzoni mwa Novemba Dar jua linakata mstari kwenye saa sita na dakika 7, katikati ya Februari linachelewa mpaka saa sita na dakika 37. Ndo maana Adhuhuri kwenye kalenda ya msikitini inasogea mwaka mzima, inafuata jua kupinduka, haifuati saa ya ukutani.

Usiku ndo kunanoga. Nyota haina mambo ya kuyumba kama jua, kila siku inawahi kukata mstari kwa karibu dakika 4 kuliko jana yake, basi kwa mwezi inawahi saa mbili nzima. Kilimia, lile kundi dogo la nyota wanalolitaja wazee kwenye mambo ya mvua, hapa Dar karibu na 20 Novemba kinakata mstari upande wa kaskazini kama saa sita usiku, na ikifika 20 Januari kiko hapo saa mbili usiku, watoto hawajalala bado. Msalaba wa Kusini, nyota zinazokaa kama msalaba, usubiri Mei, katikati ya mwezi kwenye saa tatu na nusu usiku unasimama wima, na ukisimama wima ujue uko juu ya mstari, ukishuka moja kwa moja chini yake umepata kusini bila dira wala nini. Nyota ya Kaskazini inayosifiwa kwenye vitabu vya Ulaya usihangaike nayo, kwetu iko chini ya upeo.

Mwezi wenyewe ni mchelewaji, kila siku unachelewa kwa wastani wa dakika 50. Ukiukuta juu ya mstari jua linapozama hiyo ni robo ya kwanza, siku nzuri ya kuona mashimo yake hata kwa darubini ya mkono ya bei rahisi. Mwezi mpevu unafika mstarini karibu na saa sita usiku, mzuri kwa picha ila kwa mashimo haufai, mwanga wake unapiga moja kwa moja na vivuli vyote vinapotea.