Maswali na majibu: Rubani na mwongoza ndege wanapopishana kauli wakati wa kushuka

Maswali ya safari hii yanahusu nusu saa ya mwisho angani, tangu ndege inapoacha anga za juu hadi magurudumu yaguse lami.

Rubani amesomea, mwongoza ndege amesomea, redio ni nzima. Wanakoseana wapi? (Msomaji, Morogoro)

Kwenye namba. Ndani ya nusu saa hiyo rubani anapokezwa kutoka kituo cha anga za juu kwenda kituo cha kukaribia uwanja, kisha mnara, na kila mmoja ana masafa yake ya redio. Njiani anapewa kimo, mwelekeo, kasi na shinikizo la hewa. Vyote ni tarakimu, tena zinafanana. 250 inaweza kuwa kasi ya noti 250, mwelekeo wa nyuzi 250, au kiwango cha anga 250, yaani futi 25,000. Mwongoza ndege akirundika maagizo manne kwa pumzi moja, asishangae namba zikibadilishana viti. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linataka kasi ya kuzungumza isizidi maneno 100 kwa dakika. Ukisikiliza redio ya uwanja wenye msongamano utaona jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa.

Kinga kuu ni rubani kurudia agizo na mwongoza ndege kusikiliza marudio. Nusu ya kwanza hufanyika karibu kila mara, lakini nusu ya pili ndiyo inayolegea. Mwongoza ndege anasikia alichotarajia kusikia, kwa sababu akili imeshahamia ndege inayofuata. Akinyamaza, rubani anahesabu kimya hicho kuwa ndiyo.

Hatari nyingine ni majina ya redio yanayofanana. Ndege mbili za shirika moja, moja 482 na nyingine 428, zikiwa kwenye masafa mamoja, agizo la moja huchukuliwa na nyingine. Zikijibu kwa pamoja, sauti zinafutana na kubaki mlio tu.

Ni kweli kuna ndege ilianguka Malaysia kwa sababu ya neno moja? (Msomaji, Kisumu)

Neno lilianzisha, halikumaliza. Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa ikitoka Singapore kwenda uwanja wa Subang, Kuala Lumpur. Mwongoza ndege alisema "descend two four zero zero", akimaanisha futi 2,400. Marubani walisikia ile "two" kama "to", shuka hadi. Wakajibu "okay, four zero zero", yaani futi 400. Hakuna aliyewasahihisha. Ndege ikagonga kilima, wote wanne waliokuwamo wakafa.

Ramani ya njia ile ilikuwa na kimo cha chini kinachoruhusiwa, na kengele ya kukaribia ardhi ililia kabla ya kugonga. Kwa hiyo kulaumu Kiingereza peke yake ni kujipunja somo. Leo kimo hicho hutamkwa "two thousand four hundred feet", na Uingereza wameondoa kabisa "to" mbele ya kiwango cha anga.

Ninasomea urubani. Mwalimu wetu hana mzaha na namba ya shinikizo la hewa. Tarakimu moja ina uzito gani? (Mwanafunzi, Nairobi)

Mwalimu wako yuko sahihi. Altimita, yaani kipima kimo cha ndege, inapima shinikizo la hewa, si umbali hadi ardhini. Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali moja, kipimo cha shinikizo hilo, ni futi 28 hivi. Kosea 10, umekosea futi 280.

Hilo lilitokea Paris, uwanja wa Charles de Gaulle, tarehe 23 Mei 2022. Shinikizo halisi lilikuwa 1001, mwongoza ndege akaipa Airbus A320 1011. Marubani wakarudia 1011 bila kukosea, wakaiweka. Kuanzia hapo kila kitu ndani ya chumba cha marubani kilionekana sawa, kumbe ndege iko futi 280 chini ya njia yake. Walikuwa wakitumia njia ya kukaribia inayotegemea altimita kwa kimo, si mwale wa redio kutoka ardhini. Mvua ilikuwa inanyesha, hawakuiona barabara ya kutua, wakaghairi na kuinuka. Altimita ya redio, ile inayopima umbali halisi hadi ardhini, ilirekodi futi 6, na barabara ya kutua ilikuwa bado iko mbele yao.

Hapa marudio hayakusaidia chochote, maana kosa lilikuwa kwenye chanzo. Dawa ni chanzo cha pili. Sikiliza taarifa ya uwanja iliyorekodiwa kabla ya kuanza kushuka, iandike, na namba ya mwongoza ndege ikitofautiana nayo kwa zaidi ya hektopaskali moja au mbili, uliza. Kuuliza kunakula sekunde tano.

Mtego mwingine ni wa vipimo. Marekani wanatumia inchi za zebaki, na 29.92 ni sawa na 1013. Rubani aliyezoea huko akisikia "nine nine two" anaweza kuweka 29.92 badala ya 992. Hiyo ni futi 600 hivi, na ndege inakuwa chini kuliko anavyodhani. Ndiyo maana shinikizo likishuka chini ya 1000, taja na kipimo chake.

Mwongoza ndege anasema shuka, mashine ya kuzuia migongano inasema panda. Nani anafuatwa? (Msomaji, Zanzibar)

Mashine, bila mjadala. Mashine za ndege mbili zinapatana zenyewe kwamba moja ipande na nyingine ishuke. Ukimfuata binadamu unavunja mapatano. Juu ya Überlingen, Ujerumani, tarehe 1 Julai 2002, Tupolev iliambiwa na mashine ipande, mwongoza ndege akaiambia ishuke, ikashuka. Boeing ya DHL ilikuwa inatii mashine yake kwa kushuka vilevile. Walikufa watu 71. Rubani anatakiwa kutii, kisha kutamka "TCAS RA" (TCAS ni mashine hiyo, RA ni agizo lake), na kuanzia hapo mwongoza ndege haibadilishii mkondo mpaka aambiwe hatari imepita.

Kwa nini marubani wa Avianca hawakusema mafuta yanaisha? (Msomaji, Muscat)

Walisema, ila si kwa maneno yanayomlazimisha anayesikia. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca, shirika la ndege la Colombia, iliyotoka huko ilizungushwa angani zaidi ya saa moja kabla ya kupewa zamu ya New York. Rubani msaidizi aliomba "priority", akataja pia kwamba mafuta yanaisha, lakini hakutamka "emergency" wala "mayday". Kwa mwongoza ndege mwenye foleni ndefu, ombi la kipaumbele ni ombi tu. Ndege ilianguka Cove Neck, watu 73 wakafa kati ya 158.

Sasa kuna ngazi mbili. "Minimum fuel" maana yake kuchelewa zaidi kutanifikisha kwenye akiba ya mwisho. Hiyo bado si dharura. "Mayday fuel" maana yake nitatua nikiwa nimeshaila akiba hiyo, nipisheni. Adabu ya kuomba kwa unyenyekevu, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, haina kazi hapo.

Redio ikifa katikati ya kushuka? (Msomaji, Mwanza)

Kwanza kagua sauti, kitufe cha kuzungumzia kilichokwama na masafa uliyoyaweka, maana mara nyingi ni tarakimu iliyokosewa. Rudi masafa ya awali, kisha jaribu 121.5, masafa ya dharura. Ikishindikana, weka 7600, namba ya kusema redio imekufa, kwenye transponda (chombo kinachoitambulisha ndege kwa rada) na ufuate utaratibu uliochapishwa wa uwanja huo. Karibu na mnara, tazama taa: kijani isiyomweka, tua, nyekundu isiyomweka, pisha wengine na uendelee kuzunguka, nyekundu inayomweka, uwanja si salama, usitue.