Usukani watikisika nikikanyaga breki: diski zikerezwe au zibadilishwe?

SWALI: Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998 na ninaishi Nyali, Mombasa. Nikiteremka Mazeras nikakanyaga breki, usukani hutetemeka. Fundi mmoja amenishauri ninunue diski mpya za mbele, mwingine anasema zikikerezwa zitatosha. Nimfuate yupi?

JIBU: Waulize kwanza wote wawili kama kuna aliyezipima diski hizo kwa maikromita, yaani kifaa cha kupimia unene, kwani jambo hili huamuliwa kwa kipimo wala si kwa jicho. Diski nyingi huchongwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa mfano MIN TH 20 mm, na kwa kuwa kukereza ni kupunguza chuma, diski iliyokaribia kikomo hicho haina budi kubadilishwa hata mkerezaji awe hodari namna gani. Diski nyembamba hupata joto kali upesi, na mteremko mrefu si mahali pa kuijaribu.

Unene upimwe sehemu kadhaa kuizunguka diski, kama milimita 10 kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo usioguswa na pedi hubaki mnene na huota kutu, na kipimo kikiegemea hapo kitadanganya. Diski ni nadra kupinda. Kinachotikisa usukani mara nyingi ni unene usiolingana, na tofauti ya sehemu chache tu za mia za milimita moja yatosha.

Jambo ninalolihofia zaidi katika gari la pwani ni kutu iliyojificha kati ya diski na habu, yaani kitovu kinachoshika diski na gurudumu. Kutu hiyo huifanya diski ikae upande, izunguke ikiyumba na kugusa pedi mahali pamoja kila mzunguko, hadi unene wake uharibike. Ndiyo maana kuna wanaonunua diski mpya na mtetemo ukarejea baada ya muda, kisha lawama zikaangukia duka la vipuri. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha myumbo wa diski upimwe kwa saa ya kupimia, kifaa chenye mshale unaoonyesha diski inayumba kiasi gani ikizungushwa. Ukizidi takriban milimita 0.05, kazi haijakwisha. Diski ikigoma kutoka, tazama kama ina matundu mawili yenye hesi: bolti zikikazwa humo kwa zamu huisukuma nje bila kuipiga nyundo.

Ukibadilisha, badilisha za kushoto na kulia pamoja, na pedi zake. Mafuta ya kukinga kutu yaliyopakwa diski mpya kiwandani yaoshwe, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ifungwe kwa waya isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki, na pini zake zipakwe grisi ya breki, maana pini iliyokwama hula pedi upande mmoja. Nati za magurudumu zikazwe kwa kukingamana, kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, na kwa kilomita 200 za mwanzo epuka kufunga breki kwa ghafla pasipo dharura.